Mswaki wa mti au wa dukani, mkaa au dawa ya tyubu: nilivyolinganisha kwa ajili ya nyumba yangu

Jamani swali hili nimeulizwa mtaani si chini ya mara nne tangu shule zifunguliwe kwahiyo naliandika lote hapa, anaetaka asome. Swali lenyewe ni mswaki upi bora, ule wa mti tunaouziwa nje ya msikiti Ijumaa au wa plastiki wa dukani, na likishapita hilo linakuja la dawa, hii ya tyubu ina kipi cha zaidi wakati bibi zetu wamesugua kwa mkaa na chumvi na meno wanayo mpaka leo. Mie sio daktari, ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga mjini, ila jambo hili limeniuma ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nimeuliza sana, nimesoma sana, na jibu langu ninalo.

Kwanza niwaambie kilichoniuma. Mwanangu wa kati alikuwa na miaka saba nikaona gego lake la chini lina kidoa cheusi. Nikauliza watu nikaambiwa hilo la utoto tu, litang'oka lenyewe, usihangaike. Nikaliacha. Miezi ikapita, mtoto akawa halali usiku, shavu limevimba, anakula upande mmoja, na tulipofika kwa daktari wa meno akamfungua kinywa, akaangalia kidogo tu, akaniambia, "Mama, hili sio la utoto, hili ndo la maisha." Akanifundisha kuhesabu na nyie nawafundisha hapahapa, anzia katikati ya meno ya mbele nenda nyuma, moja, mbili, tatu mpaka la tano, hayo ndo ya utoto na kinywa kizima yanakuwa 20, ukigusa la sita ujue hilo ni gego la kwanza la ukubwani, linaota mtoto akiwa na miaka sita hivi, linaota nyuma kabisa kimyakimya wala halisubiri jino lingine ling'oke, ndo maana wazazi wengi hatujui kama limeshakuja. Jino lile likang'olewa. Mtoto wa miaka saba, na pale halioti lingine tena. Nililia kuliko yeye, na ndo nikaanza kuuliza kila kitu kinachoingia kwenye kikombe cha miswaki cha nyumba yangu.

Mti na plastiki

Bibi yangu mzaa mama naishi nae, kazaliwa Pangani, na mswaki wa plastiki hajawahi kuutaka. Akishaswali alfajiri anakaa barazani na kijiti chake. Anakata ncha ya jana kwa kisu, anabandua ganda kiasi cha ukucha wa gumba, anatafuna taratibu mpaka nyuzi zichanue kama brashi, alafu anaingia jino mojamoja, kutoka kwenye ufizi kuja kwenye ncha, juu anashusha, chini anapandisha, na mtu akipita "shikamoo bibi" anautoa mdomoni, "marahaba mjukuu wangu, hujambo", anaurudisha palepale alipoachia. Siku moja nikamuwekea saa ya simu bila kumwambia, zikatoka dakika 14. Asubuhi ileile nikamuwekea na mwanangu mkubwa bombani uani, sekunde 22, povu mpaka kidevuni, "nshapiga mama", keshakimbia.

Hapo kidogo nikafunguka macho. Tunasema mti ndo uliomlinda bibi, tunazisahau zile dakika 14, na tunasahau pia anachosimulia mwenyewe kwamba soda kwao ilikuwa kitu cha harusini. Kwahiyo ukitaka kulinganisha kwa haki usilinganishe mti wa mtu mwenye subira na plastiki ya mtu mwenye haraka.

Sasa mti una yake ya kweli, sio mazoea tu. Huu mswaki wenyewe, mti unaopenda ardhi kavu, una chembechembe ngumu za silika zinazosugua, una tanini inayokaza ufizi na vitu vingine vinavyowasumbua vijidudu wa kinywani, na wataalamu waliopima watu wanaojua kuutumia wamekuta utando wa vijidudu unaoganda kwenye meno unapungua sawa na kwa wa plastiki. Hata Shirika la Afya Duniani linaukubali kama kifaa cha kusafishia meno kwa watu ambao ndo desturi yao. Hauhitaji maji wala dawa, unakaa mfukoni, unaukuta kwa shilingi mia chache, na kwa sisi Waislamu kuna sunna yake ambayo mtu anaipenda, hilo halina ubishi. Mwezi wa Ramadhani nje ya msikiti saa ya adhuhuri kila mtu anao mkononi. Na neno lenyewe mswaki limetoka kwenye siwaki ya Waarabu ambayo ni hicho kijiti, yani ule wa plastiki ndo umeazima jina.

Ila nilimuomba bibi siku moja afungue kinywa nimuangalie na tochi ya simu. Meno ya mbele, mashaallah, hakuna lililopungua, safi. Ndani kule chini, upande wa ulimi, magego mawili hayapo, na lililobaki pembeni yake lina ugaga wa manjano umeganda kama chokaa kwenye sufuria ya kuchemshia maji. Sababu unaiona ukishika kijiti mwenyewe, nyuzi zake zinaelekea mbele kama brashi ya rangi, hazijapinda pembeni, kwahiyo kufika upande wa ndani wa magego ya chini ni lazima ukate kifupi na uupinde mkono kwelikweli, wengi hatufiki. Alafu ufizi wake meno ya mbele umerudi, shingo za meno ziko nje, na daktari alinambia hiyo inatokea sana kwa wanaosugua kwa nguvu, awe na mti awe na plastiki. Na mti mkavu unachoma, uloweke kwenye maji safi kwanza, na ncha ukate kila siku, ile ya jana ishachoka na imebeba vijidudu. Wapo wanaotumia kijiti cha mwarobaini, ni sawa, uchungu wake tu, ila msiokote kijiti cha mti wowote porini maana ipo yenye utomvu wa sumu.

Plastiki nayo. Kichwa chake kidogo kimelala pembeni kwahiyo kinaingia nyuma ya magego bila shida, mtoto anaweza kuushika, na jambo kubwa kuliko yote unabeba dawa, wakati kwenye mti kubandika dawa ni kazi bure inabaki kwenye mashavu. Kwa wanaouliza nyuzi zake ni nini, ni nailoni, zilianza mwaka 1938 kule Marekani, kabla ya hapo miswaki mingi ilitengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, nadhani ndo maana wazee wetu wengine waliuogopa na woga ukabaki hata sababu ilipoondoka. Kasoro yake ni kwamba ukishaweka povu mdomoni ule ubaridi unakudanganya umesafika, sekunde 22 unatema unaondoka, wakati muda wenyewe unaotakiwa ni dakika 2, mara 2 kwa siku. Dakika 2 ni ndefu kuliko unavyofikiria, jaribu leo na saa.

Kwahiyo mie nimeamua hivi, na bibi amekubali nusu yake. Mchana mti, ukiutaka, baada ya swala, baada ya kula, utumie upendavyo. Usiku plastiki na dawa, hapa sina mjadala. Usiku ukilala mate yanapungua sana na mate ndo yanayosafisha na kutuliza asidi mchana kutwa, kwahiyo ukilala na mabaki ya wali wa nazi na chai ya sukari kinywani umewaachia vijidudu nyumba usiku kucha. Kama una hela ya kimoja tu, au una uvivu wa kimoja tu, chukua wa plastiki na dawa na uupige kabla ya kulala, wa asubuhi ukikupita Mungu atakusamehe lakini wa usiku usikupite.

Mgumu au laini

Hili fupi. Dukani ipo mitatu, mgumu, wa kati na laini, na watu wetu wengi wanachukua mgumu, muuzaji mwenyewe anakwambia "huu ndo unatoa uchafu". Chukua laini. Utando wa kwenye meno ni laini kama ute, hauhitaji nguvu, unahitaji kufikiwa, na ukishaganda ukawa ugaga hata mswaki wa chuma hautoi, huo unatolewa na daktari kwa vifaa vyake. Mswaki mgumu unachokuwa unakula ni ufizi na jino lenyewe pale shingoni, matokeo yake ukinywa maji ya friji unaruka. Kwenye paketi imeandikwa soft, na tazama kichwa, kiwe kidogo, cha mtu mzima kifunike meno mawili hivi sio manne.

Unaushikaje? Kama kalamu, usiushike kama unavyoshika brashi ya kufulia. Lalisha nyuzi nusu kwenye jino nusu kwenye mpaka wa ufizi, mswaki umeinama kidogo, unatikisa pale pale kidogokidogo alafu unasukumia kwenye ncha ya jino, unahama. Nje, ndani, juu ya kutafunia. Ukiona nyuzi zimepinda nje kama miguu ya pweza ndani ya wiki tatu ujue unakandamiza mno.

Kuna wanaouliza ule wa betri. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2014 ulikusanya majaribio mengi ukakuta baada ya miezi mitatu ule wa umeme unapunguza utando zaidi ya wa mkono kwa kama asilimia 21, kwahiyo faida ipo, na kwa mzee mwenye mikono inayotetemeka au mtu aliyepooza upande mmoja ningemnunulia kesho. Kwa wengine wenye mikono yao mizima, hiyo hela nunua laini mitano na dawa nzuri.

Mkaa, chumvi, na tyubu

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo watu wanapoteana.

Mkaa unang'arisha, kweli, ukisugua leo utaona meno meupe kesho. Unang'arisha kwa kukwangua. Jino lina gamba gumu la juu, enameli, ni gumu kuliko mfupa lakini likishakwanguliwa haliumbiki upya, mwili haulirudishi, na chini yake kuna sehemu ya manjano, kwahiyo mtu anasugua mkaa mwaka mzima kutafuta weupe na anaishia kuukaribia umanjano. Majivu vilevile. Na hizi dawa mpya nyeusi za mkaa zinazouzwa sikuizi kwenye simu, kabla hujanunua geuza tyubu usome kama zina floraidi, madini yanayokinga jino, nyingi hazina. Chumvi kusukutua na maji ya uvuguvugu ufizi ukiuma ni sawa kabisa, nafanya mwenyewe, ila punje za chumvi kusugulia kila siku ni sandipepa tu.

Tyubu kinachoipa kazi ni floraidi. Ntaeleza kwa ubuyu. Mnaujua ubuyu wa rangi, mtoto ananunua wa mia mbili akitoka shule anauweka mdomoni punje mojamoja, ananyonya, anatema kokwa, ulimi mwekundu, na pakiti moja anaenda nayo saa nzima. Kila punje ina sukari, na ubuyu wenyewe mkali. Vijidudu vya kwenye utando vinakula sukari vinatoa asidi, na asidi ikipita kiwango fulani, wanasayansi wanakipima kinaitwa pH 5.5, jino linaanza kutoa madini yake, yani linayeyuka kidogokidogo bila wewe kuona. Ukiacha kula, mate yanakuja yanatuliza na kurudisha madini, inachukua kama nusu saa mpaka saa nzima. Sasa mtoto wa ubuyu hajayapa mate nafasi hata dakika moja. Ndo maana nasema sukari ya pamoja na chakula kisha ikaisha ni afadhali mara kumi kuliko kidogokidogo kutwa, pipi, ubuyu, soda unayoinywa fundo fundo barazani kuanzia alasiri mpaka magharibi, chai ya sukari nyingi kila anaekuja mgeni. Floraidi inapokuwepo kwenye mate, madini yale yanaporudi yanarudi na floraidi ndani yake na jino linakuwa gumu zaidi dhidi ya asidi kuliko lilivyokuwa. Mkaa hauna hicho, chumvi haina, mti unayo kidogo isiyotosha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, yani wameiweka karatasi moja na dawa za malaria na presha.

Geuza tyubu nyuma utafute namba, kuanzia 1,000 mpaka 1,500 ppm, yani kipimo cha floraidi iliyomo, ndo inayotakiwa, nyingi za watu wazima zinaandika 1,450. Ya bei kubwa na ya bei ndogo zikiwa na namba moja kazi ni moja, rangi tatu na harufu ya karafuu au mnanaa ni mapenzi yako.

Najua kuna mtu atasema floraidi si ndo inayoharibu meno ya ndugu zetu wa Arusha. Swali zuri na haliko bure. Kule Arusha, Kilimanjaro mpaka Singida maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi kupita kiasi cha milligramu 1.5 kwa lita, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajiumba ndani ya taya, miaka ile ya mwanzo mpaka kama minane, yanakuja kuota na madoa ya kahawia. Magadi ya kupikia maharage yanaongeza. Lakini ile ni ya kunywa kila siku, ya kumeza, na dawa ya mswaki unatema. Ndo maana kipimo kwa watoto kina maana, chini ya miaka mitatu ni kama punje ya mchele, umeipaka tu, miaka mitatu mpaka sita ni kama punje ya njegere, sio ule mkia mrefu wa kwenye picha ya paketi. Na ndugu mwenye madoa ya maji ya kule asisugue kwa mkaa akidhani ni uchafu, doa lile liko ndani ya jino, aende kwa daktari lipo la kufanya.

Kusukutua au kutema tu

Hili ndo lililomshangaza kila niliemwambia. Ukimaliza kupiga mswaki tema povu, tema tena, basi. Usichukue kata la maji ukasukutua mara tatu kama tulivyofundishwa, unaiosha ile floraidi uliyoiweka kabla haijafanya kazi. Wiki ya kwanza kinywa kinakuwa kama kina kitu, ya pili ushazoea. Mie wanangu nimewapa ruhusa ya kufuta midomo tu na taulo. Anaetia udhu baadae kidogo hana shida, usiku piga mswaki baada ya isha ukiwa ndo unaenda kulala, asubuhi panga udhu kwanza mswaki baadae.

Kabla ya chai au baada

Wengi wa mjini hapa wanapiga kabla, wengine wanasema unaosha nini wakati unaenda kula. Kabla ndo bora kwa mazingira yetu, na sababu ni machungwa. Msimu wa machungwa ya Muheza, ndoo zimejaa stendi nzima, mtu anaamka na machungwa mawili na chai ya ndimu kisha anakimbilia mswaki. Asidi ya chungwa inalainisha enameli kwa muda, ukiisugua pale pale unaondoka nayo. Ukiwa umeshakula kitu kikali, ukwaju, embe mbichi na pilipili, chungwa, subiri nusu saa, sukutua na maji ya kawaida kwanza. Ramadhani nayo piga baada ya daku, wengi wanakula daku wanalala na uji mdomoni na hapo ndo kinywa kinashinda mpaka magharibi bila maji. Kuhusu mswaki wa mchana ukiwa umefunga waulizeni mashehe wenu, mie nnachosema ni daku.

Njiti, uzi, ulimi

Njiti inatoa nyuzi ya nyama, haisafishi katikati ya meno, na ukiizoea inaumiza ufizi. Uzi wa meno unaupata kwenye maduka ya dawa, unaupitisha katikati unaukumbatisha jino unapandisha na kushusha, mara moja kwa siku, usiku kabla ya mswaki. Nisiwafiche, huu watu wengi hawaupendi na mie ulinichukua miezi, fizi zilitoa damu wiki ya kwanza nikaogopa. Kutoka damu sio dalili ya kuacha, ufizi unaotoka damu ni ufizi wenye uvimbe kwa sababu ya utando, ukisafisha kwa upole siku kadhaa damu inakata. Ikipita wiki mbili inaendelea nenda ukaonwe, hospitali ya Bombo hapa Tanga wana kitengo cha meno, usisubiri maumivu. Wenye sukari na wajawazito mlione hili mapema kuliko wengine, fizi zenu zinavimba upesi.

Ulimi upitishe mswaki uleule nyuma kuja mbele mara tatu nne, harufu nyingi ya kinywa inakaa kule nyuma ya ulimi. Dawa ya kusukutua yenye rangi sio mbadala wa kitu chochote hapo juu, na ile kali anayokuandikia daktari ukiitumia muda mrefu inaacha madoa ya kahawia, tumia siku alizosema.

Mkono wa nani

Nimechelewa kulisema na pengine ndo lingekuwa la kwanza. Mtoto chini ya miaka saba nane hawezi kujipigia mswaki mwenyewe akafika kule nyuma, mkono wake haujakomaa kwa kazi hiyo. Kumpa mswaki na kumwambia nenda bombani sio kumpigia. Mie sikuizi usiku namkalisha mwanangu wa mwisho chini, kichwa kwenye mapaja yangu anatazama juu kama anavyosukwa nywele, taa ya simu, nainua shavu kwa kidole, naanza na lile la sita kila upande, ndo lina mashimo mashimo ya juu yanayoshika chakula. Anajipigia kwanza yeye, mie namalizia. Dakika tatu tunamaliza na hadithi tunapiga humohumo. Meno ya kwanza yakichomoza tu, miezi sita hivi, anza, kitambaa safi au kimswaki kidogo na ile punje ya mchele. Na chupa ya uji wa sukari au maziwa usimlaze nayo kitandani jamani, meno ya mbele ya juu yanaoza yote kwa pamoja, nimeyaona kwa mtoto wa jirani wa miaka miwili yamebaki vijiti.

Yule wa kati ana miaka kumi sasa, pengo lake liko pale, na yeye ndo anaemhesabia mdogo wake, la kwanza, la pili, mpaka la sita, "hili usichezee, hili la maisha."

Bibi nilimnunulia laini wa kichwa kidogo kwa ajili ya yale magego ya ndani tu. Mwanzo aliuweka kwenye kabati. Nikamwambia bibi mti wako wa alfajiri hakuna anaeugusa, huu ni wa usiku, wa kule kusikofika. Akaujaribu siku moja akatema akaangalia kwenye sinki, kimya, kesho yake akaniuliza ile dawa ya wale watoto iko wapi.

Kikombe chetu kina miswaki yetu yote, imesimama vichwa juu, hewa inapita, haijafunikwa kofia maana unyevu ukifungiwa unazalisha vijidudu, na kila mmoja ana rangi yake, kuazimana mswaki nyumbani kwangu hakuna hata kati ya mke na mume. Inabadilishwa kila miezi mitatu au ikichanuka kabla. Kukumbuka miezi mitatu ni kazi kwahiyo mie naenda na shule, zikifunguliwa Januari, Aprili, Julai na zile likizo fupi za kuelekea Oktoba, siku nnayonunua madaftari nanunua na miswaki, wa bei ya chini wa laini unatosha, na ile ya zamani haitupwi, inatumika kusugulia kola za mashati ya shule.